Betri Juu ya Bati

Mpaka leo mtu akiniletea drili ya betri, kabla sijamuuliza ina nini, naigeuza betri nitazame skrubu zake za chini. Betri orijino za drili niliyokuwa nayo mimi zilifungwa kwa skrubu zenye tundu la nyota. Za bandia zilifungwa kwa skrubu za msalaba, hizi za kawaida, zinazofunguliwa kwa bisibisi ya kila nyumba. Kwa nje hiyo ndiyo ilikuwa tofauti pekee. Rangi ile ile ya kijani, maandishi yale yale, hata ile alama ndogo ya kuonya kwamba watoto wasichezee ilikuwepo. Mafundi wa siku hizi wananiona msumbufu, wananicheka. Wacheke tu. Wao hawakwenda Moa.

Drili yenyewe niliipata siku kiwanda chetu kilipofungwa. Habari za kiwanda sitaki kuzieleza sana, maana nikianza nitatukana watu ambao wengine wako makaburini. Niseme tu kwamba miaka ile ya dhiki, wakati Tanga nzima haina sabuni na tunapanga foleni ya sukari bila kujua kama sukari ipo, kiwanda kilifanya kazi. Vipuri havikuja, tukachonga wenyewe. Mikanda ilikatika, tukashona. Kisha zikaja enzi za ruksa, mipaka ikafunguliwa, maduka yakajaa, na kiwanda kilichovumilia kukosa kila kitu kikashindwa kuvumilia kupatikana kwa kila kitu. Tuliitwa uwanjani asubuhi tukaambiwa tusubiri mafao yetu. Wapo wanaosubiri hadi leo.

Mhandisi mgeni aliyekuwa mkuu wa karakana yetu alikuwa anafungasha virago arudi kwao. Akaniita ofisini, akanikabidhi drili ya betri, chaja yake na betri moja, akaniambia itanifaa. Sikuwa nimewahi kumpenda yule bwana, alikuwa na ulimi mkali, lakini siku ile nilimpa mkono kwa moyo wote. Wenzangu waliondoka pale na ahadi, mimi nikaondoka na drili.

Nayo ilinifaa kweli. Watu walikuwa wakijenga wakati ule. Hela zilikotoka Mungu anajua, lakini kila ukienda pembezoni mwa mji unakuta nyumba imeezekwa na haina mlango, na umeme haujafika na hautafika karibuni. Seremala wa kawaida alikuwa akija na keke yake ya mkono, anazungusha, anatoa jasho, anakunywa maji, anazungusha tena. Mimi nilikuwa natoboa matundu ya bawaba kabla mwenye nyumba hajamaliza kunisalimu. Nikajulikana. Makorora, Nguvumali, mpaka njia ya Pongwe, wakawa wananiita fundi wa vitasa. Katika mtaa uliojaa watu waliopunguzwa kazini, mimi nilikuwa mtu mwenye kazi, na sitajifanya kwamba sikuringa.

Baba yangu alikuwa anakaa nami na mke wangu Makorora. Mama alikuwa amekwishafariki, na dada zangu wameolewa mbali. Kumwelewa baba inabidi urudi nyuma, kwenye ile miaka ya foleni.

Betri za redio zilikuwa hazipatikani. Ukizipata, umezipata kwa magendo, zimepitishwa porini kutoka ng'ambo ya mpaka ndani ya gunia la mahindi, na bei yake hutamani kuisikia. Baba alikuwa na ufundi wa kuzifufua. Betri zikichoka alizipanga juu ya bati la jiko la uani, ambalo lilikuwa la chini, mtu akisimama juu ya kiti analifikia. Zinakaa pale tangu jua linapochomoza hadi alasiri, yeye anazigeuza upande kwa upande kama samaki wanaokaushwa. Zile zilizogoma kabisa alizichemsha kwenye sufuria kuukuu ambayo mama alikuwa ameisamehe. Jioni ukizitia kwenye redio inazungumza. Haizungumzi sana, lakini taarifa ya habari unaisikia mpaka mwisho, na tochi unapata mwanga wa kutosha kwenda chooni na kurudi.

Mtaa mzima ulimletea. Walikuja mabaharia wa bandarini, walikuja walimu, alikuja hata mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa akikaa karibu na shule, ambaye hakuwa na mazoea ya kuingia kwenye nyumba zetu. Wakifika mlangoni wanamwambia, "Shikamoo mzee, nimekuletea wagonjwa." Naye anajibu, "Marahaba, walaze hapo." Kila mtu aliziandika betri zake herufi kwa mkaa zisichanganyike. Hakutoza chochote. Alipenda tu kuulizwa. Alipenda kusema, "Hawa wawili watapona, huyu wa tatu mzikeni."

Basi ruksa ilipokuja ilimnyang'anya baba kazi yake kama ilivyoninyang'anya mimi yangu, ila mimi nilipewa drili. Betri zilijaa kwenye kila meza ya barabarani, nyepesi, za bei rahisi, zinavuja maji ndani ya redio kwa muda mfupi, lakini nani anajali? Unatupa, unanunua nyingine. Wagonjwa wakaacha kuja. Kwa muda baba aliendelea kusogeza kiti chake karibu na mlango asubuhi, kisha akaacha. Siku moja nilimkuta ameziokota jalalani, amezianika, zimepata nguvu kidogo, anawagawia jirani bure, na jirani wanazipokea kwa adabu na kwenda kuzitupa tena. Niliona aibu kwa niaba yake. Niliona hasira pia, lakini ungemkasirikia nani? Huwezi kugombana na meza ya betri.

Betri ya mhandisi ilinitumikia vizuri, kisha ikazeeka ikafa. Nikaenda kwenye duka moja la vifaa, sitasema liko barabara gani. Mwenye duka akatoa betri mpya ya kijani iliyong'aa, akaipachika kwenye drili yangu, ikalia wiii, akasema, "Ni ile ile fundi, tofauti ni bei tu." Nikainunua. Kwa siku za mwanzo ilifanya kazi na nikamwona mwenye duka mtu wa maana. Kisha ikaanza uongo wake. Kwenye chaja taa inawaka kijani kwamba imejaa. Hewani drili inazunguka kwa mbwembwe. Ukiigusisha mti tu, inanung'unika na kusimama. Nikairudisha dukani. "Labda chaja yako," akaniambia, huku anamhudumia mtu mwingine. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa ameshakufa. Hapo ndipo nilipoketi nikazilinganisha mbili, ile iliyokufa na hii ya uongo, nikaona habari ya skrubu.

Baba alinikuta naigeuzageuza. "Ianike," akasema.

"Hizi si za kuanika, baba. Hizi zinajazwa kwa umeme."

"Umeme wenyewe uko wapi?"

Kweli haukuwepo. Ilikuwa miaka ya mgao, umeme tunaupata kwa zamu, na zamu yenyewe haina heshima. Nikacheka. Baba hakucheka. Alinitazama kwa huruma ya mtu anayejua jambo, akaniacha.

Nikaapa sitanunua tena takataka. Kulikuwa na Mpemba mmoja mfanyabiashara, mtu wa karafuu na nguo, ambaye alikuwa akisafiri hadi Dubai na kupitia Tanga. Nilimpa ile betri ya mhandisi iliyokufa aende nayo kama mfano, nikamsihi aniletee ndugu yake wa tumbo moja. Kupata bei yake nilizungukazunguka sana. Mwisho nikauza keke yangu na randa moja kwa seremala wa Nguvumali, maana keke ilikuwa inalala tu sandukuni. Nilingoja mpaka nikakata tamaa. Siku aliponijia alikuwa ameifunga ndani ya shuka. "Hino ndo yenyewe, wallahi," akasema. "Nimezunguka nayo ile mbovu yako kila duka, nikawa mie nachekwa." Nikaigeuza. Nyota. Nilitaka kumkumbatia.

Kazi ya Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Kenya, ilikuja wakati huohuo. Mwenye nyumba alikuwa mzaliwa wa Moa aliyefanikiwa Mombasa, na sasa amejenga kwao nyumba kubwa ya kumwozeshea binti yake. Milango ilikuwa ya mvule, inachongwa na fundi wa Muheza, na mimi nilitakiwa kuichukua, kuipeleka na kuifunga yote kabla ya harusi. Moa kulikuwa hakuna umeme hata wa kuota ndotoni. Ndiyo maana alinitafuta mimi. Alikuja nyumbani kwetu, akamwamkia baba kwa heshima, akanywa kahawa, akaniambia mbele ya baba, "Fundi, mimi nina nyumba nyingine zinapanda hapa Tanga. Ukinimalizia hii vizuri, milango yangu yote ni yako." Alipoondoka baba alinishika bega. Mlango mmoja tu wa namna hiyo ukifunguka, mtu hapunguzwi tena na yeyote.

Siku ya kwenda Muheza umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Nikaipachika betri orijino kwenye chaja, dirishani, ili umeme ukirudi ijaze yenyewe. Ile ya bandia ilikuwa kwenye rafu hapohapo juu, nilikuwa naitunza kwa sababu ya kitako chake cha plastiki. Nikaondoka. Kule Muheza nikakuta milango miwili haijakamilika, ikabidi nilale.

Niliporudi usiku wa pili, umeme ulikuwepo na taa ya chaja inawaka kijani. Nikashukuru Mungu. Asubuhi pikapu ya mwenye nyumba ilipiga honi kabla sijamaliza chai. Nikachomoa betri kwenye chaja, nikaitumbukiza mkobani, nikambusu mwanangu mdogo kichwani, nikatoka. Sikuigeuza. Kwa nini niigeuze? Mkono ulioiweka pale ulikuwa wangu. Mke wangu alikuwa ameshakwenda sokoni kwenye biashara yake. Baba alikuwa amesimama mlangoni, uso wake umechangamka kuliko nilivyouona kwa miezi mingi.

"Nenda salama," akasema. "Ukirudi nina jambo la kukuonyesha."

Tulifika Moa jua limeshapanda. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaopika, wanaosuka makuti ya kivuli, wanaogombania sufuria. Harusi ilikuwa kesho yake alasiri. Nilitaka kuanza na vyumba vya ndani, maana nilijua ikifika jioni wanawake watauchukua upande ule wa nyumba kwa ajili ya bibi harusi, watamsinga, watampaka hina, na mwanamume hataruhusiwa hata kukohoa huko. Mwenye nyumba akakataa. "Anza na mlango wa mbele. Wakwe wanakuja kutoka Mombasa, kitu cha kwanza watakachokiona ni mlango." Nyumba yake, amri yake.

Nikaupima mlango wa mbele, nikachonga kwa patasi makao ya bawaba, nikachukua drili. Tundu la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu, ncha iliingia robo ya safari, drili ikanung'unika, ikasimama.

Ule mnung'uniko niliujua. Nikaichomoa betri, nikaigeuza. Msalaba.

Kwanza nilifikiri nimeona vibaya, nikaipeleka kwenye mwanga. Kisha nikamtukana kimoyomoyo yule Mpemba wa watu, kwamba amenionyesha moja akaniachia nyingine, ingawa nilikuwa nimefanya kazi na betri yake wiki nzima na nilijua nasema uongo. Kisha nikafikiri mwizi. Mwizi gani anayeiba betri na kukuwekea nyingine kwenye chaja? Nilikaa pale kizingitini na mtu mmoja akaniuliza kama naumwa.

Mvule mkavu haubembelezeki. Ukilazimisha skrubu bila tundu, kichwa kinakatika na mwili wake unabaki ndani ya mti, umeharibu mlango na umejifunga mwenyewe. Keke nilikuwa nimeiuza. Nikaulizia kijijini, keke moja ilikuwepo, mwenyewe amesafiri nayo Jasini. Basi nikafanya tulivyofanya kiwandani wakati wa shida. Nikaomba mkaa kwa wapishi, nikachoma misumari mpaka ikawa myekundu, nikaishika kwa koleo na kuchoma tundu moja moja. Inafanya kazi. Lakini kwa kila tundu unachoma misumari mitatu, moshi unakuingia machoni, na wapishi wanalalamika kwamba fundi anawamalizia mkaa. Watoto walikusanyika kuniangalia. Mwenye nyumba alipita mara ya kwanza akatabasamu. Alipopita mara nyingine hakutabasamu. Akasema, "Nilidhani wewe ndiye fundi mwenye mashine."

Mlango wa mbele ukasimama. Wa nyuma ukasimama. Nikawa nakimbilia ndani na misumari yangu ya moto, jua linashuka, na hapo vikasikika vigelegele. Wanawake walikuwa wameingia. Mama mmoja mnene, somo aliyemfunda bibi harusi, akasimama katikati ya ukumbi akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, huku sasa kumefungwa." Nikamwambia chumba cha bibi harusi hakina mlango. Akanitazama, akatazama misumari mkononi mwangu. "Basi ndivyo Mungu alivyotaka," akasema, akanipa mgongo.

Msomaji asiye wa pwani huenda haoni ukubwa wa jambo hili. Bwana harusi akija kwa mkewe, wanawake huushika mlango wa chumba. Wanaufunga kwa ndani, wanaimba, wanamtania, anabembeleza, anatoa chochote kupitia kwenye upenyo, wanasema hakitoshi, anaongeza. Huo ndio utamu wa siku nzima. Bibi harusi anayelindwa ana thamani, na kila shangazi aliyeko mle ndani atauhadithia mlango ule miaka mingi. Sasa wapigie hesabu wanawake wa Moa, kesho yake alasiri, wakiwa wamesimama kwenye tundu la ukuta wameshika kanga mbili zilizopigiliwa misumari juu.

Nilikuwa nimesimama uani na vijana wa jikoni, hatukuwa mbali. Bwana harusi alifika na wenzake wa Mombasa, vijana wa mjini wenye manukato. Wanawake wakaanza wimbo wao. Mmoja wa wale vijana akasema kwa sauti, "Jamani, mlango wenyewe uko wapi?" Kicheko kikapasuka. Mwingine akaiinua kanga kwa ncha ya mwavuli wake, kidogo tu, kwa mzaha. Wimbo ukakatika. Yule somo akamnyang'anya mwavuli, lakini lililotokea lilikuwa limetokea. Bwana harusi akapita. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakukuwa na cha kumzuilia.

Mwenye nyumba hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alikuja pale uani akiwa na kanzu yake nyeupe na koti, akasema, "Kusanya vyombo vyako." Mlango wa chumba cha binti yake ulikuwa umeegemezwa ukutani karibu na mimi, mvule mzuri sana, na kitasa chake kipya kimelazwa chini yake ndani ya boksi.

Nilirudi Makorora kesho yake. Njia nzima nilikuwa najiuliza ni nani, na namna gani. Nilipoingia uani baba alikuwa ananisubiri. Nikamwamkia. Aliitikia haraka haraka, hata hakuuliza za safari.

"Njoo uone. Ile mbovu yako nimeifufua."

Akanieleza yote huku tunatembea hatua chache za kufika jikoni. Siku nilipokwenda Muheza alipita dirishani akaiona betri kwenye chaja, taa haiwaki. Akajua ndiyo ile inayogoma kujaa. Akaichomoa. Ile nyingine iliyokuwa kwenye rafu, nzima kama alivyodhani, akaipachika kwenye chaja ili nisije nikakosa ya kwendea Moa. Hilo alilisema kwa fahari, kwamba alinifikiria. Kisha mbovu akaipandisha juu ya bati. Ilikuwa ni lile jua la kabla ya masika, ambalo ukikanyaga mchanga peku unaruka. Ilikaa pale kutwa, akaiteremsha jioni, akairudisha asubuhi, siku zote ambazo sikuwepo, na alikuwa anaigeuza kila baada ya sala.

Akapanda juu ya kiti, akaiteremsha kwa mikono miwili, akanipa. Ilikuwa bado na joto. Plastiki yake ilikuwa imetumbuka pembeni, na kwenye mshono ulikuwa umetoka ukoga mweupe. Sikuhitaji kuigeuza, lakini niliigeuza. Nyota nne.

"Umeona?" akasema. "Hata sura imebadilika. Imejaa hiyo."

Nataka niseme kilichonipitia. Nilitaka kuipiga ile betri ukutani. Nilitaka kumwambia, mzee, umenimaliza, umeichoma milango ya maisha yangu yote juu ya bati lako, nilikwambia na hukunisikia. Maneno yalifika kwenye meno. Nikamtazama. Alikuwa na jasho usoni na majivu ya jikoni kwenye shati, na alikuwa ananiangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wale watu wa zamani waliokuja kuchukua wagonjwa wao. Tangu ruksa ije hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza lolote. Nikasema, "Ahsante, baba." Nikaiweka mfukoni, nikaingia ndani, na mke wangu ndiye mtu pekee niliyemwambia.

Baba nilimwambia tu kwamba kazi ya Moa haikwenda vizuri. Sikueleza, naye hakuchimba. Lakini mwenye nyumba hakuwa mtu wa kuacha jambo lipotee hewani. Harusi ilipopoa alikuja. Alikuja mchana wa Ijumaa, watu wametoka msikitini, kibaraza chetu kina jirani wawili watatu, na baba amekaa katikati yao. Akatoa salamu, akakaribishwa, akakataa kahawa.

"Mzee wangu," akamwambia baba, "nimekuja hapa kwako kwa heshima, kwa sababu nilikubaliana na mwanao mbele yako. Amenivua nguo mbele ya wakwe zangu." Akaeleza. Hakuongeza chumvi, hakukuwa na haja. Alipofika kwenye mwavuli jirani mmoja akasema "Astaghfirullah" na kutazama chini. Kisha akanigeukia. "Nataka useme mwenyewe, mbele ya baba yako. Mashine yako niliyoisifia watu ilikuwa na nini?"

Wote wakanitazama. Baba naye akanitazama, na machoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kiwanda kilipofungwa wala wakati mwingine wowote. Alikuwa ananionea aibu.

Ilikuwa sentensi moja tu. Betri nzima ilibadilishwa nyumbani bila mimi kujua. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa haki, angeelewa, pengine angecheka, pengine milango ya Tanga ingekuwa yangu hadi leo. Na baba angekuwa yule mzee wa Makorora aliyekaanga betri ya mwanawe juani, na mtaa uliokuwa ukimletea wagonjwa ungekuwa na kichekesho cha kutosha mpaka azikwe.

"Betri ilikuwa ya bandia," nikasema. "Nilinunua ya bei rahisi."

Mwenye nyumba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokitarajia. Lakini aliyezungumza alikuwa baba.

"Ya bei rahisi," akasema. "Kazi ya mtu ya harusi, unakwenda na kitu cha bei rahisi." Sauti yake haikupanda. "Sisi tuliishi kwenye dhiki mpaka tukala magimbi bila chumvi. Sabuni hatuna, nguo hatuna. Lakini fundi aliyesema nitakuja alikuja, na chombo chake kilikuwa chombo. Nyinyi mmepata kila kitu, mmeharibu kila kitu." Akamgeukia mgeni. "Bwana, ntakwambia kweli, na huyu ni mwanangu wa kumzaa. Ningekuwa mimi ni wewe, nisingempa hata banda la kuku. Tafuta fundi mwingine."

Jirani waliitikia kwa vichwa. Mwenye nyumba akasimama, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema wazee kama hawa wamekwisha. Mimi hakunipa mkono. Habari ilifika Nguvumali kabla ya magharibi, kwamba hata baba yake mzazi amemkataa, na kwa habari kama hiyo fundi hahitaji tena kutafuta nani amemharibia jina. Kazi zilikatika. Nilimaliza miaka iliyofuata nikitengeneza viti na vitanda vya watu wasioulizia sifa ya fundi.

Walipoondoka wote, baba alibaki kibarazani. Akaniita nikae karibu naye. Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Usinichukie," akasema. "Nimesema kwa ajili ya jina letu."

Nikamwambia sijachukia. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akafariki hapohapo Makorora, na mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Kila mtu alisema nilikuwa mwana mwema kwake. Nilichukia, baba. Nilichukia siku ile, nachukia leo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa na haki ya kumkataa fundi yule wa betri ya bei rahisi, kama angekuwepo.